Aliyekutwa Amepiga Magoti: Maisha ya Johann Ludwig Krapf



Jumapili hii tumeanza kuhesabu majuma ya kuelekea Krismasi. Ndugu zetu wa makanisa mengine msimu huu wanauita Majilio, yaani siku za kungoja kuja kwa Bwana. Sisi wa kipentekoste neno hilo halijatuzoea sana, lakini jambo lenyewe tunalijua: kufunga, kukesha, kutengeneza yaliyoharibika nyumbani kabla ya kuja madhabahuni. Tatizo letu hapa Nyali ni Desemba yenyewe. Wageni wa bara wanashuka, hoteli zinajaa, nauli zinapanda, shule zimefungwa, na nusu ya kanisa iko kazini usiku na mchana kwa sababu ndio msimu wa riziki. Mchungaji akitangaza mfungo, mtu anajibu kimoyomoyo kwamba atafunga Januari.

Basi wiki hii tuweke mahubiri kando kidogo, tumtazame mzee mmoja ambaye wengi wetu tunapita karibu na kumbukumbu yake bila kugeuza shingo. Huku kwetu Nyali, upande unaotazama kisiwa, uko mnara wa Krapf, na hapo pana kaburi. Ukiuliza watu, wengi watakwambia ni kaburi la Krapf. Sivyo. Yeye amezikwa Ujerumani. Aliyezikwa huku ni mkewe, pamoja na mtoto wao mchanga.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani, katika nyumba ya wakulima. Alipokuwa mvulana, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa lililofanywa na mtoto mwingine. Kipigo kile kilimlaza kitandani karibu nusu mwaka. Mtoto mgonjwa wa kijijini zamani hizo hakuwa na la kumchangamsha ila kitabu kilichokuwa nyumbani, na kitabu hicho kilikuwa Biblia. Akaisoma. Alipoinuka kitandani, mambo ya Mungu yalikuwa yameshamwingia.

Watu wa pande zile, lazima tueleze, walikuwa wakingoja kurudi kwa Yesu kwa namna ambayo hata sisi tunaoimba habari za parapanda kila Jumapili tungeshangaa. Mwalimu wao mmoja mkubwa wa karne ya kabla yao, Bengel, alikuwa amepiga hesabu katika Ufunuo akafikia mwaka 1836. Mwaka 1819 waumini walianzisha kijiji chao kilichoitwa Korntal, wapate kuishi pamoja kwa maombi wakimngoja Bwana. Mwaka 1836 ukaja, ukapita kama mwaka wowote. Hesabu ilikosea. Lakini Korntal haikuvunjika, watu waliendelea kungoja, ila sasa bila tarehe. Kumbukeni jina la kijiji hicho, tutalirudia.

Krapf alisoma katika chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Katikati alipoa, akauacha wito, akasomea theolojia na kuwa msaidizi wa mchungaji kijijini. Baadaye wito ukamrudia, na mwaka 1837 akasafiri kwenda Ethiopia chini ya chama cha Waingereza cha Church Missionary Society. Huko Ethiopia alifukuzwa Tigray, akakaa Shoa miaka kadhaa, akatoka, na alipotaka kurudi njia zikafungwa. Mwaka 1842 alimwoa Rosina Dietrich mjini Alexandria. Mwaka uliofuata, wakiwa safarini kujaribu tena kuingia Ethiopia, Rosina alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, nyikani, katika nchi ya Washoho. Mtoto wa kike akazaliwa na hakukaa. Walimpa jina Eneba, ambalo kwa lugha ya huko ni chozi. Wakamzika, safari ikaendelea.

Ninyi akina mama mliopoteza watoto mnaelewa kwamba mtu akishafika hapo ana haki ya kurudi kwao. Hakuna ambaye angewalaumu.

Hawakurudi. Krapf alikuwa na hamu kubwa ya kuwafikia Waoromo, na kwa kuwa mlango wa kaskazini umefungwa, akaona ajaribu kuingilia kusini, kutoka pwani yetu. Januari 1844 walifika Unguja. Sultani Sayyid Said alimpokea vizuri, akampa barua kwa maliwali wake wa pwani wamsaidie. Hilo nalo tulitaje kwa shukrani: kazi ya Injili katika pwani hii ilianza kwa ruhusa na ukarimu wa mtawala Mwislamu. Mwezi Mei mwaka huo wakahamia Mombasa. Krapf akaanza Kiswahili mara moja, na miongoni mwa waliomsaidia katika lugha alikuwa Kadhi wa Mombasa. Kufikia Juni alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo.

Kisha ikaja homa. Tunaijua homa hiyo, ila wao hawakuwa na dawa za kuimudu kama sisi. Ilimshika Krapf kwanza. Mwanzoni mwa Julai Rosina akajifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye homa ikamwangukia yeye. Wakalala wote wawili wagonjwa katika nyumba moja. Rosina alipoona hatapona, alimwomba Mungu kwa ajili ya ndugu zake, kwa ajili ya kazi, na kwa ajili ya watu wa pwani hii. Halafu alitoa agizo moja. Hakutaka kuzikwa kisiwani. Alitaka avushwe maji, azikwe bara, upande wa watu ambao siku hizo waliitwa Wanyika, ambao leo ni ndugu zetu Wamijikenda, ili kila anayepita njia hiyo aone kaburi na kukumbuka kilichowaleta.

Alifariki tarehe 13 Julai 1844. Mumewe alikuwa amelala karibu naye, amechoka kwa homa kiasi kwamba ilimbidi ajikaze ndipo ainuke kuhakikisha kama kweli roho imetoka. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Akazikwa na mama yake.

Nataka tukae hapo kidogo. Krapf alikuwa na miaka 34. Katika muda wa chini ya miaka miwili alikuwa ameoa, amezika watoto wawili na mke, na kazi aliyoijia hata mtu mmoja hajamwamini. Alipopata nguvu aliandika barua kwa wakubwa wake London. Hakuomba ahamishwe. Aliwaeleza kwamba sasa katika pwani ya Afrika Mashariki liko kaburi la mmisionari, na kwamba kaburi hilo ni ishara ya vita vilivyoanza, nao wajiandae kuleta wengine, kwa kuwa ushindi wa kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake. Sisi tukipata msiba mmoja tunasema Bwana amefunga mlango. Wakati mwingine amefunga kweli, sisemi kila mtu awe Krapf. Lakini yeye aliyasoma mambo yale yale kwa njia nyingine, na ndiyo maana jina lake bado liko hapa.

Alikaa karibu miaka miwili peke yake kabla ya kupata mwenzake, Johannes Rebmann, aliyefika Juni 1846. Wakaenda kuomba wazee wa Rabai wawapokee, na wazee wakakubali. Agosti mwaka huo wakahama kutoka Mombasa kwenda Rabai, kule ukipita Mazeras. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja, wakimpanda kwa zamu, na mlima wa Rabai mnaujua. Krapf mwenyewe aliona kwamba ni nadra sana kazi ya Mungu kuanza katika udhaifu kama ule.

Na matunda? Kwa miaka mingi yalikuwa machache mno. Wa kwanza kuamini alikuwa kilema mmoja, Mringe, maskini, ambaye alibatizwa akiwa karibu kufa. Fikiria unatuma ripoti kwa wafadhili: tumepata mmoja, naye ameshatuacha. Ikumbukwe pia kwamba Krapf hakuwa malaika. Maandishi yake yana maneno makali juu ya mila za wenyeji na juu ya Waislamu, hata wale waliomsaidia, na mengine ukiyasoma leo unafunga kitabu. Mungu anatumia watu, na watu wana madoa.

Safari zake za bara wengi tulizisoma shuleni, kwa hivyo nitapita haraka. Rebmann aliuona Kilimanjaro Mei 1848, naye Krapf, akiwa Kitui kwa mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, Kivoi, aliona mlima wenye theluji tarehe 3 Desemba 1849 na akaliandika jina lake kama alivyolisikia kwa Wakamba. Jina hilo ndilo nchi yetu inalibeba. Wasomi wa Ulaya walibisha ati theluji haiwezi kukaa kwenye ikweta. Mwaka 1851 alirudi tena kwa Kivoi, wakaenda pamoja kuelekea mto Tana, wakavamiwa njiani na Kivoi akauawa. Krapf akabaki peke yake porini, bila chakula, akijificha mchana na kutembea usiku. Alipofika mtoni hakuwa na chombo, akajaza maji ndani ya mitutu ya bunduki yake na kuziba kwa nyasi. Bunduki ikawa mtungi. Alitoka huko akiwa hai, ila afya yake haikurudi sawasawa, na mwaka 1853 akaondoka pwani. Mwaka 1862 alikuja tena kwa muda mfupi kuwaleta Wamethodisti walioanza kazi Ribe. Rebmann ndiye aliyebaki Rabai, miaka 29 bila kwenda kwao, mpaka macho yakapofuka. Alirudishwa Ulaya mwaka 1875, akafa mwaka uliofuata.

Mwaka huo huo wa 1875, jirani kabisa na lile kaburi la Rosina, kilikuwa kinaanza kijiji cha watumwa waliookolewa, Freretown, ambacho kengele yake ilitupa jina la steji yetu ya Kengeleni. Mashamba yakalimwa, shule ikafunguliwa, kanisa likajaa. Krapf alisikia habari hizo akiwa mbali. Aliondoka akiacha kaburi, na sasa watu wanaimba karibu na lile kaburi.

Yeye alikuwa amehamia Korntal, kile kijiji cha watu wanaongoja. Alioa tena. Hakukaa bure: miaka yake yote ya uzee ilikwenda kwenye lugha. Alikuwa na kamusi kubwa ya Kiswahili, hasa Kimvita chetu cha Mombasa, aliyoianza kukusanya tangu siku zile za homa, na aliendelea kuinyoosha neno kwa neno. Mara nyingi nimejiuliza, mtu anapata wapi uvumilivu wa kuandika maana ya maneno elfu na elfu ya watu ambao hatawaona tena. Hapo ndipo ninapoona maandalizi yake yalikuwa ya namna gani. Majirani zake wa zamani walijiandaa kwa kuhesabu miaka. Yeye alijiandaa kwa kuamka na kufanya kazi ya siku hiyo, na jioni kwenda magotini. Wale wanawali kumi wa Mathayo 25, hakuna hata mmoja aliyeijua saa, na wote kumi walisinzia. Tofauti ilikuwa mafuta, na mafuta hununuliwa mchana maduka yakiwa wazi.

Ndugu aliye zamu ya usiku hotelini asidhani kwamba mfungo wa mwezi huu haumhusu kwa kuwa hawezi kuja mkesha. Dada anayeuza vitafunio ufukweni hadi giza liingie, vile vile. Krapf karibu maisha yake yote aliomba akiwa safarini, mgonjwa, au peke yake. Kanisa lililojaa, lenye vyombo na kwaya, alilikosa miaka na miaka.

Siku ya Jumamosi tarehe 26 Novemba 1881 alikuwa na miaka 71. Siku hiyo alizungumza na rafiki, na mazungumzo yakaangukia kurudi kwa Bwana. Mzee alisema moyo wake umejaa hisia kwamba Bwana yu karibu, na kwamba yatupasa kuutumia vizuri wakati na kukaa tayari, ili akija tumwite kwa dhamiri safi. Kisha akaagana na watu akaingia chumbani kulala, kama usiku wowote. Kamusi yake ilikuwa haijatoka. Ilichapishwa London mwaka uliofuata, 1882.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Asubuhi alikutwa kando ya kitanda chake, amepiga magoti, amekwisha kwenda.