Fritz Zwicky: Utabiri Uliokawia Ukafika

Fritz Zwicky alizaliwa tarehe 14 Februari 1898 mjini Varna, Bulgaria, kwa baba Mswisi. Akiwa na umri wa miaka 6 alipelekwa Glarus, Uswisi, kulelewa na babu na nyanya yake. Baada ya kusomea fizikia mjini Zürich, alihamia Marekani mwaka wa 1925 na kujiunga na Taasisi ya Teknolojia ya California, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka wa 1968.

Zwicky alikuwa mwingi wa fikra na mkali wa ulimi. Ukali huo ulimfarakanisha na wanafalaki wenzake, na baadhi ya hoja zake zikapuuzwa kwa miongo kadhaa. Mojawapo ilihusu mwanga. Mwaka wa 1936, Albert Einstein alieleza kwamba uvutano wa nyota unaweza kuupinda mwanga wa nyota iliyo nyuma yake mithili ya lenzi, ila hakuona tumaini la jambo hilo kushuhudiwa. Mwaka uliofuata, Zwicky alishikilia kuwa la kutazamwa si nyota bali galaksi. Kwa kuwa tungamo la galaksi ni kubwa mno, mwanga hupindwa zaidi, hata kitu kimoja cha mbali kikaonekana kama viwili. Lenzi hiyo, aliongeza, ingesaidia kuipima galaksi yenyewe.

Zwicky aliaga dunia tarehe 8 Februari 1974 bila ya kuiona lenzi hata moja.

Wakati huo, wataalamu wa Jodrell Bank, Uingereza, walikuwa wakiipekua anga kwa mawimbi ya redio. Ilipotafutwa katika picha za anga nyota inayolingana na chanzo kimojawapo, zilikutwa nukta mbili za samawati zilizokaribiana. Mnamo Machi 1979, Dennis Walsh, Robert Carswell na Ray Weymann waliuchanganua mwanga wa nukta hizo kwa darubini za Arizona, wakaona unafanana kama shilingi kwa ya pili. Ilikuwa kwasari moja, iliyotolewa taswira mbili na galaksi iliyo mbele yake. Upekuzi wa redio wa miaka ya 1990 ulifichua lenzi nyingine nyingi.

Utabiri wa Zwicky ulikawia miaka 42, lakini ulifika. Waliompuuza kwa sababu ya ulimi wake walijinyima elimu iliyokuwa katika hoja zake.