Binti wa Seyyid Said Aliyewaandikia Waasi Barua

Akitajwa Bibi Salme binti Said, wengi wetu wa Pwani hukumbuka jambo moja tu: kwamba alipendana na Mjerumani, akatoroka Unguja, akabadili dini na kuitwa Emily Ruete. Hayo yamesemwa mno, nami nitayagusa kwa ufupi tu. Kisa ninachotaka kuwasimulia wasomaji ni cha mwaka 1859, miaka saba kabla ya kutoroka kwake, alipokuwa msichana wa miaka 15 na karani wa njama ya kumpindua kaka yake.

Nilianza kukifikiri sana kisa hiki hapa Kishushe, Taita, ninakokaa, baada ya kumwazima binti wa jirani kitabu alichokiandika Bibi Salme juu ya maisha yake. Aliporudisha kitabu hakuniuliza habari za Mjerumani hata kidogo. Alitaka kujua mbona Salme, akijua wazi kuwa barua zile zitaleta vifo, hakuiweka kalamu chini.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, na mama yake ni Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirejea kutoka Omani. Ufalme ukagawanyika: Thuwaini akashika Maskati, Majid akashika Unguja. Barghash, aliyekuwa mdogo kwa Majid, hakuridhika.

Na Majid hakuwa mgeni kwa Salme. Utotoni alikaa nyumbani kwake pamoja na mama yake, na Majid akampenda mno. Ndiye aliyemfunza kupanda farasi na kulenga shabaha. Alikuwa mtu mpole, mwenye maradhi ya kifafa, na hakuna ubaya aliomtendea msichana huyu. Basi ilikuwaje akaingia katika kundi la maadui zake?

Aliingia kwa ajili ya Khole. Mwaka ule wa 1859 kipindupindu kilimwua mama yake, na Salme akabaki na ukiwa. Dada yake Khole, aliyesifiwa kwa uzuri wake, ndiye aliyemliwaza. Khole naye alikuwa mtu wa Barghash, roho na mwili. Alipomwita mdogo wake upande wao, Salme alisita, kisha akakubali. Siasa hakuijua. Alichojua ni kwamba akimkataa Khole hatakuwa na mtu.

Alipokwisha ingia walimpa kazi kubwa kuliko umri wake. Siku zile wasichana wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika walinyimwa. Salme alikuwa amejifunza mwenyewe kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ya wizi ndiyo iliyomfanya mwandishi wa njama. Barua za kwenda kwa masheikh wa Kiharthi, waliomwunga mkono Barghash, zilipita mkononi mwake, na hata maagizo ya bunduki, risasi na baruti aliyaandika yeye.

Hapo ndipo shaka ilipomshika. Katika kitabu chake anakiri kuwa dhamiri ilimsumbua kila alipoagiza zana ambazo zingewaua watu wasio na hatia. Lakini alikwisha toa ahadi, na kuivunja aliona ni aibu kuliko kuendelea. Nadhani jibu la yule binti liko hapo. Mtu huingia kwa mapenzi, akabaki kwa haya, na siku zikapita.

Majid alipata habari, akaizingira nyumba ya Barghash kwa askari, hata maji yakawa shida mle ndani. Usiku mmoja Khole na Salme wakatoka na wajakazi wao wengi, wakaenda mpaka mlangoni. Askari wakapigwa na butwaa kuona mabinti wa Seyyid Said wakizungumza nao ana kwa ana, wakawaruhusu kuingia. Ndani wakamvika Barghash nguo za kike, akabaki macho tu, wakamtia katikati ya wanawake warefu na kutoka naye polepole mbele ya walinzi. Walipokwisha vuka mji wakakimbia mashambani gizani, mpaka walipokuwa wakingojewa na wenzao.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko. Mimi sicheki, kwa sababu najua kilichofuata. Waasi walijifungia katika shamba lililoitwa Marseilles, majeshi ya Majid yakisaidiwa na Waingereza yakawaendea, watu wengi wakafa, na watumwa wakiwamo. Barghash alirudi mjini kwa siri, lakini wanamaji wa Kiingereza wakaizunguka nyumba yake, naye akasalimu amri. Akapelekwa Bombay.

Majid alishauriwa awaadhibu dada zake, akakataa. Salme akajitenga shambani, kwanza Kisimbani, baadaye Bububu. Akapatana na Majid, na kwa upatanisho huo akampoteza Khole, aliyeuona kuwa usaliti.

Liko jambo moja linaloniudhi. Msichana aliyeona uchungu kwa damu ya vita vile, alipokuwa mtu mzima aliandika kuutetea utumwa wa Waarabu. Nikisoma kurasa hizo hapa Taita, ambapo misafara ya Pwani ilipita, naona shaka yake haikufika mbali.

Yaliyobaki yanajulikana. Mwaka 1866 aliondoka Unguja katika manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Waliozana Aden mwaka 1867. Mume alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwachia watoto watatu. Mwaka huo huo Majid akafa, na Barghash akapata kiti alichokitaka.

Barghash, aliyetolewa kifungoni na dada huyu, hakumsamehe kamwe. Mwaka 1875 alipozuru London, Salme alikwenda huko kutaka kumwona. Waingereza wakamzuia kwa ahadi wasizozitimiza. Mwaka 1885 alifika Unguja pamoja na manowari za Wajerumani, walioutaka urithi wake uwe kisingizio cha kumtia Sultani hofu. Barghash akakataa kumpokea. Mwaka uliofuata wakubwa wa Ulaya walimwachia Sultani ukanda wa maili 10 tu wa pwani ya bara, na Taita yetu ikawa upande wa Waingereza. Salme akarudi tena mwaka 1888, mlango ukiwa bado umefungwa.

Alikaa miaka mingi Beirut, akafia Jena mwaka 1924. Mwanawe Rudolph aliacha uraia wa Kijerumani mwaka 1934, Wanazi walipokwisha shika serikali, akahamia London. Binti yake Antonie alibaki Ujerumani, akauawa na mabomu Aprili 1945. Mama yao amezikwa Hamburg, pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja uliokutwa katika vitu vyake.