William Huggins: Mwana wa muuza hariri aliyeisoma nuru ya kometi

Alasiri ya Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1992, wakazi wa Mbale walisikia ngurumo ambayo haikuwa ya mvua. Mara mawe yakaanguka juu ya mji na vitongoji vyake, mengine yakatoboa mapaa. Kipande kimoja cha gramu chache tu kilipita katika majani ya mgomba kikamgonga mtoto kichwani, asidhurike. Jumla ya mawe hayo ilikadiriwa kuwa kilo 150 hivi. Yalipochunguzwa, yalikutwa na chuma, magnesiamu na silikoni: vitu vilevile vilivyomo katika udongo wa Bugembe na katika miamba ya Mlima Elgon.

Kwamba mbingu na ardhi zimeumbwa kwa vitu vya namna moja ni jambo ambalo leo halimshangazi mwanafunzi wa sekondari. Lakini kwa karne nyingi wanazuoni waliamini kinyume chake. Aristotle wa Ugiriki alifundisha kwamba nyota ni za asili ya peke yake isiyopatikana duniani, na kwamba kometi, zile nyota zenye mkia, ni mvuke wa ardhini unaowaka angani chini ya mwezi. Hata baada ya fundisho hilo kuanguka, hapakuwa na njia ya kujua kometi zimeundwa kwa nini. Mwaka 1835 mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte aliandika kwamba kemia ya nyota haitajulikana kamwe. Mwaka huohuo kometi ya Halley ilikuwa ikipita, na mjini London mtoto wa muuza hariri alikuwa na umri wa miaka 11. Jina lake William Huggins.

Duka na darubini

Huggins alizaliwa tarehe 7 Februari 1824. Alisoma kwa muda mfupi katika shule ya City of London, kisha akafundishwa nyumbani. Chuo kikuu hakukiona, kwa sababu biashara ya familia ilimhitaji. Mchana alihudumia wateja dukani, na usiku akatazama nyota. Alipofikia umri wa miaka 30 hivi aliliuza duka, akahamia na wazazi wake Tulse Hill, kusini mwa London, na kujenga chumba cha darubini katika uwanja wa nyumba.

Miaka michache baadaye habari zikafika kutoka Ujerumani. Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walikuwa wameonyesha kwamba kila elementi inapochomwa hutoa mistari yake maalumu ya rangi katika nuru iliyopitishwa kwenye prizimu. Mistari hiyo ni kama alama ya kidole: ya sodiamu si ya chuma, na ya chuma si ya haidrojeni. Huggins alimwendea jirani yake William Allen Miller, profesa wa kemia, wakafunga spektroskopu kwenye darubini. Nyumba ya Tulse Hill ikajaa betri, chupa za kemikali na cheche za umeme, kwa maana kila mstari wa nyota ulipaswa kulinganishwa na mstari wa elementi iliyochomwa papo hapo. Katika nyota waliona sodiamu, chuma na kalsiamu. Neno la Comte likawa limekanushwa, miaka saba hivi baada ya kifo chake.

Kometi yatoa siri yake

Mwaka 1864 Giovanni Donati wa Italia alikuwa wa kwanza kuichambua nuru ya kometi. Aliona mikanda mitatu inayong'aa, lakini hakuweza kusema inatokana na nini. Jibu lilipatikana mwaka 1868. Huggins aliielekeza darubini yake kwenye kometi ya Winnecke, kisha akapitisha cheche katika gesi ya ethilini, ambayo ina kaboni. Mikanda ikalingana. Ndani ya kometi mlikuwa na kaboni, elementi ileile iliyomo katika makaa ya jikoni na katika mwili wa binadamu.

Mwaka 1875 alimwoa Margaret Lindsay wa Dublin, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka 24. Margaret aliijua kamera na alikuwa amejifunza nyota tangu utotoni, na kwa miaka 35 wakafanya kazi bega kwa bega. Mwaka 1881 Huggins alipiga picha ya spektra ya kometi, na picha ikaonyesha pia alama za siyanojeni, gesi yenye sumu.

Mabishano makali yalikuja baadaye. Norman Lockyer, mwanafalaki mwenzake, alidai kwamba ulimwengu wote umetokana na makundi ya vimondo vinavyogongana: kometi, nyota, hata nebula, yale mawingu ya mbali yanayong'aa. Ushahidi wake mmojawapo ulikuwa mstari wa kijani wa nebula, ambao aliuhesabu kuwa wa magnesiamu. Huggins na mkewe waliupima mstari huo kwa uangalifu wakaona kwamba umeachana kidogo na ule wa magnesiamu. Vipimo vya Marekani viliwaunga mkono, na nadharia ya Lockyer ikapoteza nguzo.

Hata hivyo Huggins naye alikosea. Alidhani mstari huo ni wa elementi isiyojulikana, ambayo wanafalaki wakaja kuiita nebuliumu. Miaka mingi baada ya kifo chake, Ira Bowen alionyesha kwamba ni oksijeni tu, katika hali ambayo haipatikani kwa urahisi hapa duniani.

Hofu ya mwaka 1910

Muuza hariri wa zamani alipanda hadi kuwa rais wa Royal Society kuanzia mwaka 1900 hadi 1905. Alifariki tarehe 12 Mei 1910, akiwa na umri wa miaka 86, kometi ya Halley ikiwa imerudi angani. Siku sita kabla yake alikuwa amefariki Mfalme Edward VII, na kuna watu waliovihusisha vifo vya wakubwa na nyota ile yenye mkia.

Wiki moja baada ya kifo cha Huggins, dunia ilitarajiwa kupita katika mkia wa kometi hiyo. Wanafalaki wa Marekani walikuwa wameona siyanojeni ndani yake, magazeti yakatia chumvi, na katika miji mingi watu wakaziba milango na kununua vidonge vya kinga. Jambo walilolikosa ni nusu ya pili ya habari: gesi ya mkia ni nyembamba mno kiasi kwamba haiwezi kumdhuru mtu. Usiku ule ulipita, na hakuna aliyedhurika.

Utafiti haukuishia hapo. Mwaka 2006 chombo cha Stardust kilirudisha duniani vumbi la kometi ya Wild 2. Lilikuwa na madini yaliyoumbwa kwenye joto kali karibu na jua, ingawa kometi ni kitu cha barafu kilichozaliwa mbali kwenye baridi. Wanasayansi waliosema kwamba mfumo wa jua ulikua kila sehemu peke yake wakalazimika kufikiri upya.

Kometi ya Halley itarudi mwaka 2061. Watoto wanaosoma leo Bugembe na Mbale wengi watakuwa hai kuiona, na wakiulizwa imeundwa kwa nini, watakuwa na jibu.