John Williamson: Msee wa Almasi ya Queen Aliyedunda Akiwa na Miaka 50

Unajua zile saa zimejaa almasi na lulu unaona masupastaa wakiringa nazo? Uko zako stage ya Wang'uru ukingoja mat, unascroll, unadhani hiyo bling ni story ya Dubai na Uswisi tu. Zii! Moja ya almasi kali zaidi za pinki duniani ilitoka hapo tu Tanzania, na aliyefungua huo mgodi alikuwa msee mmoja msoto.

John Williamson alizaliwa Kanada mwaka wa 1907. Alisomea mambo ya mawe hadi akawa daktari wa chuo kikuu, kisha akaja Afrika kazi. Badala ya kukula mshahara atulie, akaamua kujisakia almasi zake mwenyewe Tanganyika. Miaka ikapita doh hana, malaria inamchapa, watu wanaona ni kama amechizi.

1940 mambo yakajipa. Huko Mwadui, karibu na Shinyanga, aligonga moja ya migodi mikubwa ya almasi duniani. Wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, akasimama naye, na pori likageuka taun, shule na hospitali ndani.

Sasa shika hii. Oktoba 1947 mgodi ukatoa jiwe la pinki, karati 54.5. Williamson hakuliuza. Alimpea Princess Elizabeth wa Uingereza, ambaye alikuwa anaolewa mwezi uliofuata. Koloni la Kenya nalo lilimpea Sagana Lodge, pande za Kiganjo, Nyeri. Ni hapo tu juu, ukitoka Wang'uru unapitia Kagio na Karatina. Hapo ndipo Februari 1952 aliambiwa babake amekufa, so yeye ndiye Queen.

Jiwe lilikatwa London likabaki karati 23.6. Mwaka wa 1953 Cartier wakaliweka katikati ya ua la almasi la kubandika kwa nguo. Mwaka huo huo, siku ya kuvikwa taji, Queen alivaa kisaa cha Jaeger-LeCoultre ambacho mashine yake ina uzito wa kama gramu moja. Ndogo hivyo, na haitumii betri!

Na Williamson? Ganji ilikuwa mob, lakini bibi hakuwa naye, watoto pia zii. Kansa ya koo ikamshika, na Januari 1958 akadunda akiwa na miaka 50 pekee. Familia ikauza mgodi, nusu ikaenda kwa De Beers, nusu kwa serikali ya Tanganyika. Mwadui bado wanachimba mpaka leo.

So siku ingine ukiona saa imewaka mawe, jua kuna mahali pa vumbi hayo mawe yalitoka, na kuna watu walioyachimba bila kuyavaa hata siku moja. Saa yako ya soo tano inasoma masaa yale yale.

Buda, ungekuwa wewe umepata hilo jiwe, ungelipeana bure?