Mtoaji Aliyewashirikisha Wahitaji
Julius Rosenwald (1862–1932), Myahudi wa Chicago, alitajirika kupitia kampuni ya Sears, Roebuck. Mwaka 1911 alikutana na Booker T. Washington, mwalimu aliyezaliwa utumwani. Wakati huo watoto weusi wengi wa Kusini mwa Marekani walisomea vibandani na makanisani. Rosenwald alikubali kusaidia ujenzi wa shule, kwa sharti kwamba serikali na wenyeji nao wachangie. Wakulima weusi, ingawa walikuwa wamekwisha kulipa kodi, walitoa tena fedha, ardhi na nguvu zao. Zilijengwa shule karibu 5,000, na michango yao ikazidi ya tajiri huyo.

Je, katika huduma zetu, wahitaji ni wapokeaji tu, au ni watenda kazi pamoja nasi?