Mamo Wolde na Mbio za Umri wa Makamo

Katika ukanda unaoanzia Bungoma, ukapitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini hadi kufika Kitale, mbio si jambo geni. Magharibi mwa barabara hiyo umesimama Mlima Elgon, na ni katika miteremko yake walikozaliwa Ben Jipcho na Samson Kimobwa, wanariadha wawili ambao majina yao yangali yanatajwa katika nchi hiyo ingawa wote wamekwisha kuaga dunia, Kimobwa mwaka wa 2013 na Jipcho mwaka wa 2020. Linaloshangaza katika habari zao ni ufupi wa kipindi walichong'ara. Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Helsinki tarehe 30 Juni 1977 akiwa na umri wa miaka 21, kwa muda wa dakika 27 na sekunde 30.47. Mwaka mmoja haukutimia kabla ya Henry Rono, aliyekuwa akisoma naye katika Chuo Kikuu cha Washington State nchini Marekani, kuifuta rekodi hiyo. Jipcho naye aliacha riadha ya ridhaa akiwa na miaka 31, akajiunga na mbio za kulipwa za Marekani. Kutokana na mifano ya aina hii watu wengi wamezoea kuamini kwamba mkimbiaji akishapita miaka thelathini hana budi kutundika viatu.

Imani hiyo ilikuwa imekwisha kukanushwa zamani, na aliyeikanusha hakuwa mgeni kwa Wakenya. Alikuwa Mhabeshi mmoja mwembamba, mpole wa sura, aliyekimbia bega kwa bega na Naftali Temu katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 1968. Jina lake lilikuwa Mamo Wolde.

Mamo alizaliwa tarehe 12 Juni 1932 katika jamii ya Waoromo, kwenye kijiji kisicho mbali sana na Addis Ababa. Mazingira hayo ni ya nyanda za juu. Addis Ababa yenyewe iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kitale ni takriban mita 1,900. Kijana yeyote aliyekulia huko aliyapata mapafu ya mkimbiaji kabla hajajua kwamba kuna mashindano. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 alihamia mji mkuu akajiunga na Kikosi cha Walinzi wa Kifalme, kikosi kilichomlinda Mfalme Haile Selassie. Akiwa askari, alipelekwa Korea pamoja na majeshi ya Umoja wa Mataifa. Aliporejea ndipo riadha ilipoanza kumshughulisha kwa dhati.

Mwaka wa 1956 Ethiopia ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Melbourne. Kenya pia ilikuwa ikianza safari yake mwaka huohuo. Mamo alikuwamo katika timu hiyo, lakini waliomwona siku zile wasingeweza kukisia atakavyokuwa baadaye. Alikimbia mita 800, mita 1,500 na mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanne. Hakufua dafu popote. Alikuwa na miaka 24, umri ambao wengi huuona kuwa kilele cha nguvu za mwanamume, naye alirudi nyumbani mikono mitupu.

Miaka minne baadaye, katika michezo ya Rome ya 1960, hakuwamo kabisa. Kwa maelezo yake mwenyewe, kulikuwa na mvutano: upande mmoja ulitaka aende Kongo na kikosi cha kulinda amani, upande mwingine ukataka akimbie, na mwisho wake hakwenda huku wala kule. Wakati huohuo askari mwenzake wa kikosi kilekile, Abebe Bikila, alikimbia marathoni peku katika barabara za Rome usiku wa tarehe 10 Septemba 1960 na kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Wawili hawa walikuwa marika hasa, kwani Bikila naye alizaliwa mwaka wa 1932. Mmoja akawa jina la dunia nzima, mwingine akabaki kivulini.

Kivuli hicho kilidumu kwa muda mrefu. Katika michezo ya Tokyo ya 1964 Mamo alishika nafasi ya nne katika mita 10,000, nje kidogo tu ya jukwaa la washindi, kisha akaanza marathoni pasipo kuimaliza. Bikila aliishinda mbio hiyo kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Mamo alikuwa na miaka 32. Kwa mazoea ya riadha ya siku hizo, mwanariadha wa umri huo asiye na nishani yoyote angalitarajiwa kurudi kambini na kuwaachia wadogo zake uwanja. Yeye aliendelea. Alishinda mbio kadhaa za nyika huko Uhispania na akazidi kujizoeza chini ya Onni Niskanen, mkufunzi Mswidi aliyewalea wakimbiaji wa Walinzi wa Kifalme. Laiti angalikata tamaa wakati huo, leo hii asingalitajwa hata katika tanbihi.

Jiji la Mexico liko kiasi cha mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na michezo ya 1968 iliyofanyika huko iliwafaa mno wanariadha wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Fainali ya mita 10,000 ilifanyika tarehe 13 Oktoba. Katika mzunguko wa mwisho walibaki Mamo na Naftali Temu wa Kenya, mmoja mwenye miaka 36 na mwingine 23. Mamo alichomoka mbele, na kwa kitambo ilionekana kama kwamba mkongwe atashinda. Temu alimfikia na kumpita kwenye mnyooko wa mwisho. Temu alitumia dakika 29 na sekunde 27.4, Mamo dakika 29 na sekunde 28.0. Sehemu sita za kumi za sekunde! Hiyo ndiyo iliyokuwa nishani ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki, na Wakenya wanapoisimulia aghalabu humsahau aliyeifanya iwe ngumu kupatikana.

Juma moja baadaye, tarehe 20 Oktoba, mambo mawili yalitukia katika jiji hilohilo. Jipcho, kijana wa Mlima Elgon, aliongoza fainali ya mita 1,500 kwa kasi kali tangu mwanzo ili kumchosha Jim Ryun wa Marekani. Kipchoge Keino akatwaa dhahabu, na Jipcho aliyejitoa mhanga akamaliza wa kumi. Siku hiyohiyo ilikimbiwa marathoni. Bikila alianza akiwa na mfupa wa mguu ulioumia, na baada ya kilomita kumi na saba hivi akashindwa kuendelea. Inasimuliwa kwamba kabla ya kutoka alimwarifu Mamo kuwa mzigo wa nchi sasa ni wake. Temu pia alikuwamo katika mbio hizo, akaenda vyema hadi nguvu zikamwishia, akamaliza wa kumi na tisa. Mamo aliwaacha wote. Alifika kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26, na Kenji Kimihara wa Japani akamfuata dakika tatu nzima baadaye.

Ushindi huo ulimfanya Mamo kuwa bingwa wa marathoni ya Olimpiki mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomtangulia. Sifa hiyo ilidumu naye hadi 1984, pale Carlos Lopes wa Ureno aliposhinda Los Angeles akiwa na miaka 37. Yafaa ikumbukwe pia kwamba mbio hizo za kilomita 42 zilikuja siku saba tu baada ya mita 10,000. Kupumzika na kupata nguvu upya ndiko husemwa kuwa humshinda mtu wa makamo. Mwili wa Mamo haukuisikia habari hiyo.

Mwezi Machi 1969 Bikila alipata ajali ya gari iliyompooza, naye hakutembea tena hadi kifo chake mnamo Oktoba 1973. Hivyo Mamo alibaki peke yake katika kizazi chao. Alipokwenda Munich mwaka wa 1972 alikuwa amekwisha kutimiza miaka 40. Frank Shorter wa Marekani alishinda marathoni hiyo, Karel Lismont wa Ubelgiji akawa wa pili, na Mamo akachukua shaba kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 8. Muda huo ulikuwa bora kuliko wa dhahabu yake ya Mexico kwa zaidi ya dakika tano. Ni kweli kwamba Munich haina hewa nyepesi kama ya Mexico, kwa hiyo ulinganisho huo usitiwe chumvi. Hata hivyo, mtu wa miaka 40 kuwashinda karibu wakimbiaji wote bora wa dunia si jambo la kupuuzwa. Mwenyewe hakuridhika. Alilalamika kwamba viatu alivyopewa na viongozi wa timu yake havikumtosha vizuri, na akaamini kwamba visingekuwa hivyo angeshinda. Kulalamikia shaba katika umri ule kwaonyesha kwamba hakuenda Munich kuaga.

Januari 1973 aliwakimbilia Waethiopia tena, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, akatwaa dhahabu ya marathoni. Jipcho naye alikuwapo Lagos, akaifikia rekodi ya dunia ya mbio za kuruka viunzi na maji, na mwezi Juni mwaka huo akaiteremsha hadi dakika 8 na sekunde 14 huko Helsinki. Hapo ndipo njia za wawili hawa zinapoachana. Jipcho alikwenda kutafuta fedha Marekani, kwa kuwa sheria za ridhaa za wakati huo hazikumruhusu mkimbiaji wa Olimpiki kulipwa, kisha akarejea na kufanya maskani yake Trans Nzoia. Mamo alikuwa askari wa mfalme, na mfalme huyo alipinduliwa tarehe 12 Septemba 1974.

Serikali ya kijeshi ya Derg iliyochukua madaraka ilivunja Kikosi cha Walinzi wa Kifalme. Mamo akawa kiongozi katika kebele, yaani uongozi wa mtaa, huko Addis Ababa. Katika miaka ya 1977 na 1978 Ethiopia ilipita katika kipindi kinachojulikana kama Ugaidi Mwekundu, ambapo maelfu ya watu, wengi wao vijana, waliuawa kwa kushukiwa kuupinga utawala. Derg ilipoanguka mwaka wa 1991, serikali mpya iliwakamata watu wengi waliokuwa na vyeo chini yake. Mamo alikuwa mmoja wao. Alituhumiwa kushiriki katika mauaji ya vijana. Alikiri kuwapo mahali tukio lilipofanyika, kwa amri aliyopewa, lakini alishikilia kwamba hakumuua mtu.

Sehemu hii ya maisha yake haipendezi kusimuliwa, na wapo waandishi wa riadha wanaoiruka. Si haki kuiruka. Vijana waliouawa walikuwa na wazazi, na wazazi hao walistahili mahakama. Lakini mshtakiwa naye alistahili kusikilizwa mapema, na hilo halikufanyika. Alikaa gerezani kwa takriban miaka tisa kabla ya hukumu, akiingia kifungoni karibu na umri wa miaka sitini. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilijaribu kumtetea. Kenny Moore, Mmarekani aliyekuwa wa nne nyuma yake Munich na ambaye baadaye alikuwa mwandishi, alisafiri hadi Ethiopia na kuiandika kesi yake. Wakati wa michezo ya Atlanta ya 1996, ambapo mabingwa wa zamani walialikwa, Mamo alikuwa angali korokoroni.

Huko nje, kile alichokianza kilikuwa kimekwisha kuwa desturi. Miruts Yifter alikuwa ameshinda mita 5,000 na 10,000 mjini Moscow mwaka wa 1980 akiwa na umri ambao hakuna aliyeujua kwa hakika, naye hakujali kuutaja. Baadaye wangekuja Catherine Ndereba wa Kenya, aliyepata fedha ya marathoni Beijing mwaka wa 2008 akiwa na miaka 36, na Kenenisa Bekele, aliyekimbia marathoni ya London ya 2024 kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 15 akiwa na miaka 41. Wote hao walikuwa na fedha za kuwaendesha, waganga wa misuli na viatu vilivyowatosha.

Mwanzoni mwa 2002 mahakama ilimtia Mamo hatiani, ikamhukumu kifungo cha miaka sita. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kukaa ndani kupita muda huo, aliachiliwa. Afya yake ilikuwa imedhoofika, na saratani ya ini ilikuwa imemwingia. Aliishi nje ya gereza kwa miezi michache tu. Alifariki tarehe 26 Mei 2002, ikiwa imebaki miezi isiyotimia kumaliza mwaka kabla ya Temu kufariki, mwezi Machi 2003. Mamo alikuwa na miaka 69, na alizikwa Addis Ababa katika makaburi ya Mtakatifu Yosefu, alikozikwa Abebe Bikila.