Alexander Mackay: fundi aliyechonga herufi za kuchapia

Siku hizi vijana wengi wa Butembo na Beni wanajifunza kutengeneza afishi, kadi za ndoa na vitabu vidogo kwa ordinateri. Herufi haipendezi? Unabadilisha mara kumi, haulipi kitu. Lakini ngambo ya Kasindi, kule Uganda, kuliishi mutu ambaye kila herufi ilimtoka jasho.

Alexander Mackay alizaliwa Rhynie, inchi ya Scotland, tarehe 13 Oktoba 1849. Baba yake alikuwa mchungaji. Alisomea ufundi wa mashine Edinburgh, kisha akafanya kazi Ujerumani. Shirika la wamisionari la CMS lilimtuma Buganda, akafika mwezi wa Novemba 1878, wakati wa mfalme Mutesa. Ju ya kushika nyundo na randa kila siku, watu walimwita Muzungu wa kazi.

Wakaaji wa kule walitaka kusoma, ila kartasi za kusomea kwa Luganda hazikukuwa. Basi Mackay akakamata mbao, akachonga herufi kwa mikono yake.

Kazi hiyo si mchezo. Herufi ya kuchapia inachongwa kinyume, sawa vile unaiona mu kioo. A, M na O hazina shida. Lakini B au R ukiichonga vile inavyosomeka, kwenye kartasi itageuka. Tena herufi zote zinapaswa kuwa na kimo kimoja: ile fupi haigusi kartasi vizuri, inatoka hafifu. Halafu kuna hesabu. Neno Baganda peke yake linakula a tatu. Ukichonga chache, ukurasa haujai, unangoja. Na nafasi kati ya maneno nayo ni kipande cha mbao. Ukikisahau, maneno yanashikana na msomaji anapotea.

Mutesa alikufa mwaka wa 1884, mwanawe Mwanga akatawala. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu kati ya wasomaji wa misheni waliuawa. Mwaka wa 1886 wengine wengi walichomwa moto Namugongo. Kujulikana kama msomaji kulikuwa kuhatarisha roho. Hata hivyo watu waliendelea kutafuta kartasi, na Mackay akaendelea kuchapa. Kartasi ya namna ile ilipaswa kueleweka na mutu aliye peke yake, amejificha, bila mwalimu wa kumwonyesha mstari.

Mwaka wa 1887 Mwanga alimfukuza. Akahamia Usambiro, kusini ya ziwa Victoria, akaendelea na tafsiri na uchapaji. Malaria ilimuua kule tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40. Miaka 6 baadaye Biblia nzima ya Luganda ilikuwa tayari, kwa kazi ya George Pilkington na wasaidizi wake Waganda.

Wewe kijana unayeanza kazi ya kuchapa, mashine yako inapita yake mbali sana. Lakini maswali ni yale yale: nani atasoma, atasimama wapi, herufi gani itamfikia? Mutu wa soko anapita mbele ya afishi haraka. Ukijaza rangi tano na herufi za namna sita, amekwisha kupita. Acha nafasi nyeupe. Chapa moja ya kujaribu, isome vizuri, ndipo uchape mia.